Mkwe Wangu Aliyelaza Mapazia

“Sikati mshazari,” alisema binti yangu, na mkasi akaubwaga mezani hadi kipande cha chaki kikaruka kwenda kujificha chini ya cherehani. “Hata uniletee askari, sikati.”

Mumewe hakuwa na askari. Alikuwa na kompyuta yake, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto motoni, na alikuwa anarudia yale yale aliyoyaanza tangu chai ya asubuhi: mteja ameona, mteja amependa, mteja ameahidiwa. Mapazia yaliyomo kwenye ukurasa wa duka yamelala upande, basi na ya kushonwa yalale upande. Fundi ni nani hata abishane na macho ya mteja?

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu karibu na dirisha, nafumua upindo wa shuka kuukuu, nimejitia hamnazo. Kila walipopandisha sauti mimi niliinamisha kichwa zaidi, nisije nikaambiwa niende nikaangalie sufuria jikoni.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya kukatia. Kizito, rangi ya zambarau iliyoiva, kinateleza mkononi kama samaki. Mteja alikileta mwenyewe, cha kutosha madirisha yake na si zaidi, akasema ndicho kilichokuwa kimebaki na muuzaji hatapata kingine. Kikikatwa vibaya, imekwisha. Na binti yangu mpaka siku ile alikuwa fundi wa mapazia ya jikoni na ya vyoo, vipande vya kuzuia mbu na majirani. Ile ilikuwa kazi yake ya kwanza ambayo watu wangeinua kichwa kuitazama. Ikitoka vizuri, jina lake lingetembea. Ikitoka vibaya, mteja yule ana mdomo ambao ungemfanya ashone mapazia ya mabanda ya kuku, na kuku wenyewe wajifikirie kwanza kabla ya kumwita.

Sasa niwaeleze huyu mkwe wangu, maana msipomjua mtadhani nawadanganya, na uongo wangu mimi ni wa kupamba tu, si wa kutunga.

Mtaani wanamwita Mshazari. Kazi yake ni kutengeneza kurasa za tovuti, zile ambazo mtu akifungua simu anaona duka la fulani, picha za bidhaa, na mahali pa kubonyeza ili awaite wenye duka. Kazi halali. Wako wengi wanaoifanya na kurasa zao zimesimama wima. Unasoma, unaelewa, unakwenda kununua. Huyu wetu, hapana. Kwake yeye kitu kikisimama wima ni kwamba bado hakijamalizika.

Ugonjwa huo aliupata chuoni. Huko walimfundisha kitu kinaitwa matriksi, na tangu siku hiyo hakurudi kuwa mtu wa kawaida. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kutambulishwa, wakwe wengine wangeulizia afya zetu. Yeye alinieleza matriksi, bila kuulizwa. Kila picha na kila andishi kwenye ukurasa, alisema, unaweza kulipatia namba sita ndani ya mabano, na namba hizo ndizo zinazolipinda. Ya kwanza inatanua au kubana upana. Ya nne inafanya hivyo kwa urefu. Ya pili inaburuta ubavu mmoja chini na mwingine juu. Ya tatu inalaza kitu upande, kama mgomba uliopigwa na upepo. Mbili za mwisho ni za kusukuma tu, moja pembeni, moja chini. Kitu ambacho hakijaguswa kina moja, sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri. Alizikariri mezani kwangu huku amefumba macho, mchuzi unaganda. Nikamfuata binti yangu jikoni nikamwuliza huyu mtu ana kazi au ana maombi.

Na msidhani kompyuta inawalazimisha watu mateso hayo. Kuna maneno mepesi, neno moja la kuzungusha, moja la kulaza, moja la kukuza. Wenzake wanayaandika, kazi inatii, wanarudi nyumbani mapema kula na watoto. Mkwe wangu anayaona kama magongo ya kutembelea. Mtu mzima, anasema, huandika namba zote sita. Basi pale mwenzake anapoandika neno moja, yeye anaandika sita, halafu anasahau ipi ni ipi, na mchana wote unamwona ameinamia kioo anaisaka kama mtu anayesaka kiroboto kwenye blanketi. Akiipata anatoka nje kifua mbele, anatembea mpaka kona na kurudi, ili mtaa ujue.

Mtazame kazi zake. Mwenye bucha alimpa ukurasa autengeneze. Mkwe wangu akaitia namba ya kwanza alama ya kutoa, ukurasa mzima ukageuka kama kwenye kioo, herufi zikawa zinakimbia kinyumenyume. Mwenye bucha akalalamika. Akaambiwa kwamba hivyo ndivyo mteja anavyotulia kwenye ukurasa, anafikiri. Kweli walitulia. Watu walianza kubeba vioo vidogo ili wasome leo kuna maini au hakuna, na bucha ikajaa watu wenye vioo, mwenye bucha naye akaona heri auze vioo. Leo hagusi nyama. Ana duka la vioo, anaendelea vizuri, na akimwona mkwe wangu anavuka barabara.

Mwenye duka la miwani ndiye pekee aliyemshukuru. Kwake alilaza maandishi yote, kila herufi imeegemea jirani yake kama walevi wanaosindikizana. Watu wakafungua simu, wakaona herufi zimelala, wakashika macho yao: jamani, nimeanza kupofuka. Wakaenda dukani mbio. Foleni ikafika barabarani. Mzee mmoja alitengenezewa miwani mikali hata ukurasa ule ukasimama wima mbele yake, ila tangu hapo nyumba yake ndiyo imelala, na anaingia kwake kwa kukimbia akidai paa litamshukia. Mpaka kesho mkwe wangu akikutana na mtu anamhadithia foleni ile. Sababu ya foleni haihadithii.

Nyumbani ndiyo usiseme. Picha ya harusi yao aliitia kwenye ukurasa wa familia, akaichezea namba ya nne, na kwa kuwa alikata umbo lake peke yake akalivuta peke yake, sasa pale kwenye picha kichwa chake kimepita mlango na binti yangu anamfikia mfukoni. Mwenyewe mnamjua, au kama hammjui nawaambia: akisimama kwenye zulia anaonekana amekaa. Wageni waliokuja kwa kuiona ile picha walikaa sebuleni wakiulizia bwana mwenye nyumba yuko wapi, na ndiye aliyekuwa akiwapitishia maji.

Jambo moja alinieleza nikalielewa haraka. Kitu ukikisukuma kwa zile namba mbili za mwisho, au ukikipinda kwa nyingine, majirani zake kwenye ukurasa hawasogei. Wanakiachia nafasi yake ile ile, kana kwamba bado kimekaa pale, hata kama chenyewe kimeshapelekwa kona ya mbali. Kompyuta haiwapi habari. Alilisema hilo kwa fahari, kama ni yeye aliyeipangia dunia iwe hivyo. Nikamwambia, “Hilo nalijua, baba. Na wewe ukiondoka kwenye mazungumzo hakuna anayesogea.” Akacheka. Alidhani nampa mfano wa kumsaidia.

Binti yangu alipofungua duka lake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, alihitaji ukurasa. Angekwenda kwa mtu mwingine, mtaa ungesema hata mke wake hamwamini. Kwa hiyo alimpa mumewe. Mapazia aliyoyashona kwa mkono wake, yamenyooka kama nguzo, mumewe akayapiga picha, na kabla picha haijapoa ameshaitia sifuri nukta tatu kwenye namba ya tatu. Mapazia yote yakalala. Kana kwamba upepo umepita, alisema. Binti yangu akamjibu kwamba pazia ni kitu cha kuning'inia. Akaambiwa kwenye skrini hakuna kinachoning'inia, kuna kilichopangwa. Alikuwa na pini mdomoni, mteja anasubiri, akaachia. Hapo ndipo alipokosea mwanangu, maana mume kama huyo ukimwachia kidogo anaweka na kitanda.

Ukurasa ukakaa hewani bila kumleta hata paka. Wateja waliokuja ni wale walioona mapazia yake kwenye dirisha la jirani, yamenyooka, wakauliza nani kashona. Mshazari alisema watu bado hawajaelimika.

Ndipo akatokea Mama Ukumbi. Huyu amejenga ukumbi wa shughuli mitaa miwili kutoka hapo, una madirisha mengi kuliko akili ya aliyeuchora, na katika maisha yake hataki kitu ambacho mwingine anacho. Marashi yake yanafika kwanza, yanakaa, yanaagiza chai, ndipo yeye anaingia. Ukimwambia viatu vyake vizuri anakwenda kuvibadilisha, kwa hofu kwamba na wewe utavinunua. Mtu wa namna hiyo alipofungua simu akaona mapazia yamelala upande, alijua amepata kitu chake. Akaandika ujumbe kwenye simu ya duka: hayo yaliyolala, nayataka ukumbini kwangu, ni hivyo hivyo yatakavyokuwa?

Simu ilikuwa kwenye chaji. Binti yangu alikuwa ametoka kununua nyuzi. Mkwe wangu ndiye aliyeichukua.

Nilikuwepo, na kwa hili sitaongeza chumvi. Aliusoma ule ujumbe, akausoma tena, akatoka uani, akakaa huko, akarudi ameosha uso. Tangu azijue namba zake sita hajapata kutokea mtu akamwambia nimependa ulivyolaza. Mama yake mzazi hajamwambia. Pale pale ilitakiwa aandike kwamba ule ni urembo wa picha, bibie, pazia lenyewe linanyooka kama mapazia yote ya binadamu. Mstari mmoja tu. Aliandika, “Hivyo hivyo unavyoyaona.”

Mama Ukumbi akaleta kitambaa mbiombio, gari limewashwa nje, akamwambia binti yangu iwe kama alivyokubaliana na mumewe, na atapita kesho yake jioni kuona pazia la kwanza. Binti yangu alidhani wamekubaliana rangi ya uzi. Habari kamili aliipata asubuhi ile ninayowahadithia, kwenye chai, pale mumewe alipomwuliza kwa upole kama ameshapiga hesabu ya mlalo, kwa sababu nukta tatu maana yake ni kwamba pazia likishuka mita moja linaenda pembeni sentimita thelathini.

Chai hiyo haikunyweka.

Kwanza binti yangu alijaribu kumwonyesha kwa vitendo. Alininyang'anya lile shuka kuukuu, akalikata kwa kulaza kama picha inavyotaka, akalipitisha kwenye fimbo ya dirisha. Shuka likafanya linachofanya shuka lolote. Kona iliyotakiwa kubaki imetokeza pembeni ikaanguka, ikajikunja, mawimbi yakapita katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba vibaya, na nusu ya dirisha ikabaki uchi hata jirani aliyekuwa anasuka nywele kibarazani kwake akatupungia mkono.

Mkwe wangu hakukata tamaa. Alisogea, akaishika ile kona kwa vidole viwili, akaivuta pembeni, akasimama nayo. “Unaona sasa? Hivi.”

“Naona,” alisema binti yangu. “Basi ukumbini tukusimamishe wewe ushike. Na yale madirisha mengine tuite ndugu zako.”

Yeye akasema shuka limechakaa, kitambaa kizito kitashika umbo. Binti yangu akajaribu kumweleza, na mimi nilimhurumia kwa ile subira. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda chini na nyuzi zinazopita kwa upana. Ukikikata kulingana na nyuzi zake kinakutii. Ukikikata kwa kulaza kinarefuka siku baada ya siku kama ulimi wa ng'ombe, na kinavyozidi kuwa kizito ndivyo kinavyozidi kuvutwa chini. Humo kwenye kioo chako, alimwambia, hakuna uzito. Hapa upo. Mshazari alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, akingoja iishe. Ilipoisha akasema ahadi ni ahadi.

Hapo ndipo binti yangu alipobwaga mkasi na kusema hata askari, na hapo ndipo mlipotukuta.

Mkwe wangu aliketi kwenye kiti cha wateja, kompyuta mapajani, amenuna hadi mdomo umetangulia. Binti yangu akainama, akaitafuta chaki chini ya cherehani, akainuka. Akalaza rula ndefu juu ya zambarau ile, akachora mstari ulionyooka toka mwanzo wa meza mpaka mwisho, akaushika mkasi, akakata. Unajua mlio wa mkasi mkubwa kwenye kitambaa kizito, ule wa kama ng'ombe anang'oa majani. Mkwe wangu alifumba macho. Ungedhani anakatwa kidole.

Pazia la kwanza likawa limekatwa, wima, na hakuna namba ya kuirudisha nguo nyuma. Ukurasa yeye angeweza kuugeuza mara nyingi kadiri apendavyo, kitambaa hakina mchezo huo.

“Sasa fungua hiyo kompyuta,” binti yangu alimwambia. “Nyoosha hizo picha. Mimi nitamweleza Mama Ukumbi kwa mdomo wangu kwamba ulimwahidi kitu kisichoshoneka. Nitapata aibu yangu, nitaimeza. Lakini ukurasa usiendelee kuahidi wakati mimi naomba radhi.”

Mpango wake ulikuwa wa maana. Mchana wote upo, angeshona upindo, angetia ringi, angelitundika pale dirishani mwanga wa alasiri ulipitie. Mama Ukumbi akiingia alione kwanza, macho yake yashibe ile zambarau iliyosimama, ndipo aelezwe. Mwanamke yule anapenda makuu, na pazia lile lilikuwa kuu lenyewe, bila kulazwa. Yote yalikuwa yanategemea aone kabla ya kusikia.

Na kazi ya mumewe katika mpango huo ilikuwa ndogo kuliko kutia uzi kwenye sindano. Namba moja. Ile ya tatu, iliyokuwa nukta tatu, iwe sifuri. Mtu angeifanya huku anapiga mswaki.

Akaifungua kompyuta kwa uso wa mtu anayetumwa kumzika rafiki. Alikuwa na hasira na vidole vyake vilikuwa na hasira. Akabonyeza, akapeleka ukurasa kule wanakoupeleka watu wote wauone, akafunga kifuniko kwa kishindo, akasema tayari, mmefurahi, sanaa imekufa.

Binti yangu akaichukua simu ya duka atazame. Akatazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Halafu akaniletea mimi, ambaye herufi nazijua kwa sura tu kama majirani wasiosalimiana, na bado nilielewa. Jina la duka lilikuwepo. Mahali pa kubonyeza palikuwepo. Katikati, pale mapazia yalipokuwa, palikuwa peupe pe, kama sahani iliyorambwa na mbwa.

“Yako wapi mapazia?” alimwuliza.

Mumewe akasema ni mtandao, unasuasua. Akamwambia azime simu na kuiwasha. Simu ikazimwa, ikawashwa, peupe. Akasema huenda simu yenyewe imezeeka. Akaifungua kompyuta ili atuaibishe, akatazama, na nikaona midomo yake inaanza kutembea: moja, sifuri, sifuri, moja. Akasimama hapo. Akaanza upya. Uso wake ulififia taratibu kama nguo inayochujuka.

Sifuri aliitia kwenye namba ya kwanza. Ile ya upana.

“Yapo,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Hayajapotea. Hayana upana tu.”

Binti yangu akakaa chini. Mimi nikaona nisaidie. “Baba,” nikamwambia, “kitu kilichopo ila hakina upana, sisi tusiosoma tunakiita hakipo.”

Akasema mama siyo wakati wake. Hapo alisema kweli kwa mara ya kwanza tangu chai. Akarudi kwenye mabano yake kwa haraka, na haraka kwa Mshazari ni kama mafuta kwenye moto. Alirudisha moja mahali pake, lakini kwa papara akaipitishia ya nne alama ya kutoa, mapazia yakatokea yamesimama kichwa chini, upindo juu na fimbo sakafuni, na bado yamelala. Binti yangu aliyatazama akaanza kucheka, ule mcheko wa mtu ambaye angelia kama asingekuwa na kazi mkononi. Mumewe akayafuta tena ili aanze upya. Peupe.

Wakati huo huo simu ikaita. Tukaitazama sote inavyotetemeka juu ya zambarau. Jina la Mama Ukumbi. Hakuna aliyeipokea. Ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, halafu ukaja ujumbe, na binti yangu akausoma kwa sauti. Mama Ukumbi alikuwa na wageni wake sebuleni. Alikuwa amefungua ukurasa awaonyeshe mapazia ambayo hakuna mwanamke mwingine duniani aliye nayo. Akawaonyesha peupe. Alitaka kujua kama tumefunga duka, na kama tumefunga, kitambaa chake kimehamia wapi. Mwisho aliandika kwamba asijibiwe. Anakuja mwenyewe.

Jioni ikawa imefika saa nne asubuhi.

Pazia halikuwa na upindo, halikuwa na ringi. Binti yangu alilinyakua kutoka mezani, akalikunja juu mara moja, akalipiga pini kwa vidole vinavyokimbia, akapanda kwenye kigoda changu baada ya kunisukuma mimi, akalipitisha kwenye fimbo. Zambarau ikashuka mpaka sakafuni. Hata hivyo, bila kushonwa, ilishuka kama kitu kinachojua kinakwenda wapi. Mimi mwenyewe niliacha kufumua.

Basi angalia mwanamume huyu. Badala ya kukaa na kompyuta yake amalize alichovuruga, alipata wazo. Akarukia ile kona ya chini, akaivuta pembeni mpaka ukutani, akaniomba nimpe pini. Alisema tukilishikiza pale litalala, Mama Ukumbi ataona limelala, atakwenda na furaha yake, na mengine yatajulikana baadaye.

“Baadaye wapi?” binti yangu alimwuliza kutoka juu ya kigoda. “Akilipeleka ukumbini nitamfuata na pini zangu?”

“Mtu amependa. Kwa nini umnyang'anye alichopenda?”

“Kapenda picha. Picha ni yako. Mwuzie hiyo.”

“Na mimi je?” alisema, na sauti ilimkatika kidogo, nikashangaa kwamba mle ndani kulikuwa na kitu cha kukatika. “Mtu mmoja, mke wangu. Mmoja tu ndiye aliyeona.”

Ungemhurumia. Mimi nilikaribia. Lakini alikuwa bado anavuta, na kitambaa kilikuwa kimeanza kulia kwenye pini za juu, nikamwambia aachie kabla hajatuchania kazi, na yeye akaniambia mama usiingilie, na binti yangu akamwambia usimjibu mama hivyo, na mimi nikasema mwache anijibu, akimaliza kunijibu atakuwa ameachia, na katikati ya hayo marashi yakaingia. Yalipita mlangoni, yakatuzunguka, yakakaa. Nilitaka kuwaambia wanyamaze. Hakuna aliyenitazama.

“Achia,” binti yangu alikuwa anasema, mikono yote miwili juu kwenye fimbo, mgongo kaupa mlango. “Alione lilivyo. Akilikataa, alikatae likiwa limesi...”

Mama Ukumbi alikuwa amesimama kizingitini, simu mkononi imeelekezwa kwetu kama tochi, na nyuma yake wageni wake wanachungulia. Alitazama dirisha.

Mkwe wangu akaachia, pazia likanyooka.